Sahani Yenye Chumvi

Jiwe la kaburi la Dulsina lililala kifudifudi uvunguni mwa nyumba ya bintiye miaka na miaka, kuku wakalifanya kitanda chao. Kila aliyepita kijiji cha Harvey Vale aliliona, maana nyumba za kisiwa cha Kariaku zimesimama juu ya nguzo na cha uvunguni hakina pa kujificha. Waungwana walipita wakatazama baharini. Adlin wa nyumba ya pili hakuumbwa kutazama baharini.

"Estimi," husema, mikono imeegemea ua, "mamako bado anafuga kuku?"

"Anafuga. Mamako wewe ana jiwe refu kama mlingoti, na bado anakujia ndotoni kukugombeza."

Adlin hucheka, Estimi hacheki. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kofia ya Jumapili iliyopigwa pasi mpaka utepe wake, na hakupenda mtu amhurumie. Ukimhurumia alikupa kazi. "Kama moyo umekuuma hivyo," atakwambia, "shika ndoo, mbuzi wana kiu."

Kuzika ni jambo moja na kuinua jiwe ni jambo jingine. Maiti huzikwa siku ile ile au ya pili yake, watu wakalia, wakala, wakaenda zao. Jiwe huja baadaye, ndugu wakishajikusanya wakapata mbuzi, mahindi, ramu na wapiga ngoma. Mpaka jiwe lisimame, marehemu ni kama mgeni aliyekaribishwa asipewe kiti. Yuko mlangoni tu, na akichoka kusimama huanza kuwatokea watu usingizini.

Watu wengi husubiri mwaka, miwili, mitatu. Ukoo wa Estimi ulisubiri zaidi kwa sababu ya Zabet.

Zabet alikuwa mama wa mama wa mama zao wa mbele huko. Alikuja na merikebu akiwa msichana, Mtemne wa Afrika Magharibi, akiwa hai kati ya wengi waliotupwa baharini njiani, akatiwa kwenye shamba la pamba kule mlimani. Kisiwa chote kilikuwa pamba wakati huo, mpaka kwenye mawe. Alizaa watoto watatu. Siku moja bwana wa shamba akapata ardhi mpya Demerara, mbali ng'ambo ya bahari, yenye udongo mweusi, akachagua watu wa kwenda nao kama mtu achaguavyo mbegu, akamchukua Marisi, binti wa pili, kigori ndiyo kwanza anaanza kufunga kitambaa. Zabet alikuwa kondeni. Aliporudi akakuta mkeka umekunjwa, umesimamishwa pembeni mwa ukuta. Nani aliukunja hakuna aliyejua.

Jioni ile, ilikuwa Jumamosi, Zabet akapika ugali wa mahindi na mbaazi, akapakua sahani tatu za watoto kama kawaida yake. Ya Marisi akaiweka mezani, ikalala hapo hadi asubuhi. Jumamosi iliyofuata akafanya vivyo hivyo, na kila Jumamosi baada yake. Uhuru wa watumwa ukaja, watu wakaanza kutoka visiwa vingine kwa mitumbwi na mashua kutafuta mama zao, wengine hata jina la mama hawakulijua, wanalo jina la shamba tu. Zabet alikuwa akishuka ufukweni kutazama nyuso. Marisi hakuonekana. Na miaka yote hiyo sahani ile aliitia chumvi.

Hapa lazima msomaji aelewe habari ya chumvi. Chakula cha wafu hakitiwi chumvi. Wazee walisema chumvi humfunga mtu chini, na kwamba wale waliofika kwenye visiwa hivi wakakataa kuionja waliweza kuruka wakarudi kwao Afrika, na waliokula wakabaki. Ndiyo maana siku ya sadaka ya wazee hupikwa chungu chao mbali, hakina chumvi, kikaandaliwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na aliye hai hakigusi mpaka alfajiri. Kumtilia mtu chumvi ni kusema yu hai. Kumnyima ni kusema amekufa.

Zabet alipokuwa akikata roho aliwaambia waliobaki: "Msiniinulie jiwe mpaka wanangu wote waliguse kwa mikono yao." Ndilo neno lake la mwisho. Siku ile ile bintiye mkubwa akapika, akaacha kutia chumvi kwenye sahani ya Marisi, maana mwenye haki ya kutumaini alikuwa ameshaondoka. Zabet hana jiwe hadi leo. Ana makome makubwa ya baharini yaliyopangwa kulizunguka kaburi, meupe kama meno, basi.

Kutoka hapo ikawa sheria ya ukoo. Jiwe la mama haliinuliwi mpaka kila mtoto wa tumbo lake atie mkono. Wanaume wakaenda Panama kuchimba mfereji, jiwe likasubiri. Wakaenda Trinidad, wakaenda Aruba kwenye mafuta, jiwe likasubiri. Kariaku ukiona jiwe uvunguni usiulize nani kafa. Uliza nani hajarudi.

Dulsina alizaa wengi wakamfia wachanga, wakabaki wawili: Estimi wa kwanza na Norland kitinda mimba. Baba yao alikwenda Aruba, akaleta cherehani, akaenda tena, na safari hiyo hakuleta kitu wala hakujileta mwenyewe. Norland alizaliwa baada ya kile kimbunga kikubwa kilichofagia kisiwa, wakati watu wanalala chini ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. Dulsina alikuwa kondeni tangu asubuhi, kwa hiyo mtoto alikulia kiunoni mwa Estimi. Yeye ndiye aliyemtafunia mahindi. Yeye ndiye aliyemchapa alipoiba yai, na akamchapa jirani aliyetaka kumchapa kwa yai lile lile. Baadaye Estimi alipata mwanamume wake, baharia wa jahazi la mizigo, na jahazi likatoka na viazi lisionekane tena. Hakutafuta mwingine. "Nimeshamlea mmoja," alisema, "na huyo ananitosha kwa ujinga."

Norland naye akawa baharia. Akapanda meli kubwa za chuma, akawa anarudi na zawadi za bandari, vikombe na sahani zenye picha za mji, na kila akirudi Dulsina alimshika uso kwa viganja viwili kama anayepima tikiti. Kisha mara moja meli ilitia nanga Nyuyoki na Norland hakurudi melini. Akapiga simu dukani, Estimi akaitwa mbio.

"Nimepata kazi nchi kavu, dada. Bruklini. Wako watu wetu wengi huku, utafikiri uko Harvey Vale."

"Basi wasalimie. Unarudi lini?"

"Mwakani."

Akaoa huko mwanamke wa Sent Vinsent, wakapata binti. Alituma mapipa ya mchele, sabuni, viatu. Mapipa yalikuja kila Krismasi, yeye hakuja. Dulsina alikufa akiangalia mlango. Norland alilia kwenye simu mpaka Estimi akamkatia, maana dukani kulikuwa na watu. Jiwe lilipoletwa kutoka Grenada, limechongwa vizuri, jina na miaka, Estimi aliwaambia walioleta walilaze kifudifudi ili jina lisisomwe kabla ya siku yake.

"Unakuja lini kuliinua?"

"Mwakani, dada. Mwakani Mungu akipenda."

"Mungu anapenda tangu zamani. Wewe ndiye hupendi."

Ikaenda hivyo. Estimi akawa anamwambia maneno makali kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita, naye Norland anayapokea, anacheka kidogo, anauliza habari za mbuzi. Estimi aliona ni kiburi cha Bruklini. Alimwona ndani ya akili yake amevaa koti refu, tumbo mbele, hana haja na kisiwa cha mawe.

Kumbe bahari nayo haikuwa ikisubiri. Makaburi ya Tibeau yako ufukweni, wazee waliyachagua enzi ambapo maji yalikuwa mbali, na kila mwaka maji yalikula kidogo. Kwanza ua. Kisha mstari wa kwanza wa makaburi, mawe yakalala mchangani, samaki wadogo wakawa wanasoma majina. Mwaka ule wimbi likachukua mstari wa pili. Dulsina alikuwa mstari wa tatu.

Adlin akaja asubuhi, hakuegemea ua, aliingia mpaka ndani na kukaa.

"Nimemwota mamako."

"Kasema nini?"

"Hajasema. Alikuwa amepandisha gauni mpaka magotini, kama anayevuka maji. Akanyoosha bakuli. Tupu."

Estimi aliendelea kupembua mbaazi. "Mbona hakuja kwangu?"

"Wewe si unajulikana," Adlin akasema. "Angekuja kwako ungempa ndoo anyweshe mbuzi."

Estimi alicheka kicheko kibaya. Mchana akampigia Norland. Hakusalimia.

"Sikiliza. Mama ana maji miguuni. Mwaka huu unakuja, unatia mkono jiwe linainuka. Usipokuja, nitasimama makaburini mbele ya watu nitamwambia Dulsina alizaa mtoto mmoja. Umesikia?"

Safari hii Norland hakuuliza habari za mbuzi.

"Nimesikia," Norland akasema. "Atakuja mtu."

Estimi alisikia "nitakuja." Ni moyo uliomsikilizia. Akatangaza siku, akaagiza ramu, akamwambia Mzee Titus, mkuu wa ngoma, awambe ngozi mpya. Siku ya meli ya abiria akashuka gatini Hillsborough na kofia yake, ameshika mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa, kwa sababu Norland tangu mtoto hakuvuka maji bila kuuliza mahindi. Watu wakateremka. Mwisho akateremka msichana mrefu, mkavu, mwenye sanduku la magurudumu, akamwendea moja kwa moja.

"Shangazi Estimi? Mimi Deandra. Wa Norland."

Estimi akamtazama, kisha akatazama nyuma yake, kama vile mtu mzima anaweza kujificha nyuma ya sanduku.

"Babako yuko wapi?"

"Hakuja. Kanituma mimi niweke mkono."

"Mkono wako umetoka tumbo la Dulsina?"

Estimi akampa mahindi, maana yalikuwa yanapoa, akatangulia mbele njia nzima.

Nyumbani Deandra alijaribu kila namna. Alifagia uwanja vibaya, akachota maji mengi kupita kiasi, akaogopa jogoo. Adlin akawa anachungulia uani kama yuko senema. Jioni msichana akaingia uvunguni, akawaondoa kuku, akaweka kiganja mgongoni mwa jiwe. Estimi akamwona.

"Toa mkono."

"Shangazi, nimetumwa."

"Kamwambie aliyekutuma, jiwe si barua ya kupokelewa na yeyote aliye nyumbani. Aje mwenyewe, kama miguu anayo. Au huko miguu hukatwa?"

Deandra akatoka uvunguni, magoti yamejaa vumbi. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya ukoo, Estimi aliitambua mara moja.

"Hawezi kuja. Hana makaratasi."

"Makaratasi gani?"

"Ya kukaa kule. Aliteremka melini akaingia mjini, hakuandikwa popote. Miaka yote. Akitoka leo harudi tena, wanamfungia mlango. Na mama figo zimekufa, shangazi. Mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine isafishe damu, na baba ndiye anayemteremsha ngazi kwa mgongo wake, ghorofa ya nne, halafu anampandisha. Mimi nafanya kazi, siwezi kumbeba. Akija huku, nani atambeba?"

Kuku walikuwa wanarudi mmoja mmoja kwenye kitanda chao. Estimi akakaa kwenye ngazi.

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema baharia wa Kariaku anaweza kukiri njaa, anaweza kukiri jela. Hawezi kukiri kwamba kwao hapafikiki."

Estimi alikaa pale mpaka mbuzi wakaanza kulia kwa kiu. Halafu akasema, taratibu, kama anajisemea, "Kwa hiyo naye kachukuliwa."

"Hakuna aliyemchukua. Alikwenda mwenyewe."

"Mwanangu, tazama kile kilima. Kilikuwa na miti. Wakaing'oa yote wakapanda pamba, wakatupanda na sisi juu yake, udongo ulipokwisha wakakunja mikeka wakaenda pengine, wakatuachia mawe. Unasema mwanamume wa hapa alikwenda mwenyewe. Haya. Alikwenda mwenyewe."

Usiku hakulala, na asubuhi alikuwa ameamua, ingawa aliamua kama mtu anayeng'oa jino lake. Kuliinua jiwe bila mkono wa Norland ni kusema kwa kinywa chake kwamba Norland harudi. Kutoliinua ni kumwachia bahari mama yake. Alimfikiria Zabet, akisubiri hata kaburini, na makome yake. Zabet alizikwa mlimani, alikuwa na nafasi ya kusubiri. Dulsina hakuwa nayo.

"Litainuka Jumamosi," akamwambia Adlin. "Atakayeniuliza habari ya sheria ya ukoo, mwambie aje anyweshe mbuzi."

Ijumaa wanawake wakajaa uwanjani. Chungu cha wafu kilitelekwa kwanza, mbali na vingine, chini ya mti wa mnyonyo, wanawake wawili wazee wakikisimamia. Mmoja akaenda kutafuta kuni, wa pili, ambaye ni Adlin, akamfuata kumsaidia, akamwachia Deandra mwiko: "Songa, usiache ushike chini." Msichana akasonga. Akaonja kwa ncha ya kidole. Akaona hakina kitu, akafikiri wazee wamesahau, akachukua kopo la chumvi kutoka kwenye vyungu vya watu, akatia konzi nzima, akasonga vizuri kabisa.

Adlin alirudi akamkuta anafunika kopo. Akauweka mzigo wa kuni chini polepole.

"Mtoto wa watu, umefanya nini?"

"Kilikuwa hakina ladha."

"Hakina ladha kwako. Wewe umekufa?"

Habari ikazunguka uwanja kabla mvuke haujatulia. Mzee Titus, aliyekuwa anakaza kamba za ngoma zake, ngoma za mapipa ya ramu zilizowambwa ngozi ya mbuzi, akazilegeza tena. Alikuwa mtu wa maneno machache, baba yake na babu yake walipiga ngoma hizo.

"Mimi sipigi mbele ya meza yenye chumvi," akasema. "Nikiwaita wafu wa mataifa yetu ya Afrika, wanakuja. Wakija wakaonja chumvi, watarudi vipi? Nitawajaza uwanjani kwako, Estimi, utawalisha wewe?"

Deandra alikuwa ameshika uso. Estimi akaja, akachungulia chunguni, akanusa. Wote walisubiri apasuke, na wengine, tuseme kweli, walikuwa wanangojea kwa hamu.

"Mahindi yapo," akasema. "Teleka chungu kingine cha wazee. Hiki msikimwage."

"Cha nani basi?" Adlin akauliza.

Estimi akachukua sahani nzuri, moja ya zile zenye picha ya mji alizoleta Norland enzi za meli, akapakua ugali ule, akaweka mbaazi na paja la kuku juu. "Cha Norland."

Mzee Titus akasimama. "Sahani ya aliye hai haikai na ya wafu. Utamuua nduguyo kwa mkono wako mwenyewe."

"Ya Marisi ilikaa wapi, Zabet alipokuwa hai?"

"Sikuwepo."

"Wala mimi. Lakini mama aliniambia, naye aliambiwa na mama yake. Ilikaa mezani, na chumvi, Jumamosi zote, hakuna aliyekufa kwa ajili yake. Mtu aliyechukuliwa si maiti, Titus. Lakini niambie wewe mwenye kujua mataifa yote, si wa hapa tena, si wa kaburini, anakaa meza gani?"

Mzee akamimina ramu kidogo chini, akanywa iliyobaki.

"Leta kigoda," akasema mwishowe. "Weka kigoda kiguse mguu wa meza. Sahani ikae juu ya kigoda. Kitambaa cheupe kisiifikie."

Ikafanywa hivyo.

Jumamosi alasiri jiwe likatolewa uvunguni, kuku wakapiga kelele kama wanaoibiwa. Likaoshwa, jina la Dulsina likaona jua kwa mara ya kwanza. Wabebaji wanne walishika pembe. Estimi akaweka mkono upande wa kulia, ubavuni, akaagiza upande wa kushoto, mahali pa Norland, asishike mtu. Deandra akatoa simu.

"Shangazi, yuko hapa. Niiweke juu ya jiwe?"

"Simu ni sikio na mdomo. Dulsina hakuzaa sikio na mdomo, alizaa mtu." Kisha akaona uso wa binti. "Ishike wewe. Asikie."

Wakaenda hivyo mpaka Tibeau, jiwe limeelemea kushoto, kwa sababu wabebaji wa kushoto walisimama mbalimbali kuacha pengo. Waliolipandisha juu ya saruji mbichi walilipandisha vile vile, na saruji ikalipokea lilivyokuja. Wimbi lilikuwa hatua chache tu, likivuta kokoto. Mwiko wa mwashi ulipomaliza kukwangua, kwenye simu ikasikika sauti ya Norland, na nyuma yake mashine fulani ikilia tii, tii, tii.

"Dada. Limekaa sawa?"

Estimi alilitazama.

"Limeinama kidogo," akasema. "Upande wako."

Mashine ikaendelea kulia mpaka Deandra akaifunika simu kwa kiganja.

Ngoma zilipigwa jioni. Wimbo wa kuomba radhi ulitangulia, watu wa nyumba wamepiga magoti, wakimwomba mama yao msamaha kwa kuchelewa. Wakaitwa Wakromanti, wakaitwa Waigbo, wakaitwa Wakongo, kila mtu akaingia duarani taifa lake lilipotajwa. Walipoitwa Watemne, Estimi akaingia peke yake, akacheza upande mmoja wa duara, upande wa pili ukabaki wazi, na Mzee Titus akaupigia ule uwazi ngoma nzima bila kupunguza, jasho likimdondoka kwenye ngozi. Karibu na mwisho Estimi akamgeukia msichana.

"Vua viatu," akasema.

Deandra akavua, akaingia. Hakujua hatua hata moja. Hakuna aliyemcheka, hata Adlin.

Alfajiri meza ya wazee ilivunjwa kama desturi, watu wakagawana chakula baridi kwa mikono. Sahani ya kwenye kigoda hakuna aliyeigusa. Iko na chumvi, ya aliye hai, na mwenyewe hayupo. Jua lilipopanda Estimi akaibeba, akawamwagia kuku, akaosha sahani mwenyewe.

Siku ya kuondoka Deandra, shangazi alimsindikiza gatini. Hakumpa barua wala salamu ndefu. Alimtengeneza kola, akamshika uso kwa viganja viwili.

"Nitampikia kila Jumamosi," akasema. "Mimi ni mzee, sikio langu la simu si zuri, na babako ni mwongo, hata akiwa taabani ataniambia mwakani. Wewe hutanidanganya. Siku ile ikifika, usinilie kwenye simu, usiniambie habari za hospitali wala za maua. Niambie tu, shangazi, usitie chumvi. Nitaelewa."

"Na wewe ukitangulia?"

"Basi utaipika wewe. Si umeshajifunza kutia?"

Mstari wa tatu wa makaburi ungalipo, jiwe la Dulsina limeinama kushoto, na maji ya kujaa sasa yanaligusa mguuni. Uvunguni mwa nyumba kuku wamelala kwenye udongo, pale jiwe lilipoacha umbo lake. Jumamosi jioni Estimi hupakua sahani mbili. Simu huwa ameilaza kando ya kopo la chumvi, na kabla ya kutia huitazama kwanza. Kisha hutia.